Punje ya Barafu Katika Moto Unaolishinda Jua

Akina mama wa Kasongo na Kabambare hawana haja ya kipimo cha joto wanapotaka kukaanga. Huchovya vidole katika maji na kurusha tone moja katika kikaango kikavu kilichokaa juu ya makaa. Kama kikaango kina joto la kadiri, tone hulia "chwii!" likakauka papo hapo. Lakini kama kimepata moto sana, huonekana ajabu: tone halikauki upesi, bali hujiviringa kama ushanga, likikimbia huku na huku juu ya chuma, nalo hudumu muda mrefu kuliko lile la kwanza. Watoto hucheka. Mama haoni ajabu yoyote. Huondoa makaa mawili matatu, kisha akatia mawese.

Jambo hilo lilielezwa na daktari mmoja Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, katika kitabu cha mwaka 1756. Chuma kikiwa na moto mwingi, upande wa chini wa tone hugeuka mvuke kabla tone halijakigusa vema, na mvuke huo hulibeba tone kama mto wa kulalia. Nao mvuke hupitisha joto kidogo kidogo tu. Basi moto wenyewe umelifanyia tone ngao ya kulikinga na moto.

Tumeanza na kikaango kwa kuwa tunalo deni la kulipa. Majuma machache yaliyopita tulikuwa darasani tukifundisha habari za jua na nyota. Kijana mmoja akasimama, akasema amesikia ya kwamba huko ng'ambo wataalamu wanajaribu kuwasha moto wa namna ile ya jua, na ya kwamba moto huo hulishwa kwa barafu. Darasa zima likacheka. Nasi, tusifiche neno, tulicheka pamoja nalo. Tulimjibu kwamba barafu haiwezi kuingia katika moto wa mamilioni ya digrii, wala hata kuukaribia. Kijana aliketi kimya. Baadaye tulisoma, na kumbe! yeye ndiye aliyesema kweli. Tumekwisha kumwomba radhi mbele ya wenzake. Walakini mwalimu akikosa mbele ya darasa, kosa lake hutembea mpaka nyumbani kwa wazazi. Kwa hiyo twaona vema kulisahihisha hapa pia.

Kwanza tutenge moto huu na ule mwingine ambao Kongo inaujua. Urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika mabomu ya kwanza ya atomi mwaka 1945. Tena, mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, iliwashwa tanuri ya atomi iliyokuwa ya kwanza katika Afrika yote. Mkuu wa chuo alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padre aliyekuwa pia mtaalamu wa fizikia. Kazi ya matanuri ya namna hiyo ni kupasua atomi nzito. Moto tunaousema leo hufanya kinyume chake: huunganisha atomi nyepesi kupita zote, yaani za hidrojeni, zikawa heli. Ndivyo jua linavyowaka.

Hapa duniani hutumiwa ndugu wawili wa hidrojeni walio wazito kidogo kuliko yeye: deuteriumu na tritiumu. Deuteriumu hupatikana katika maji. Katika bahari, kwa kila atomi 6,400 hivi za hidrojeni, moja ni ya deuteriumu. Tritiumu ni adimu, maana baada ya miaka 12 na kitu nusu yake hutoweka yenyewe. Ni lazima itengenezwe, na hutengenezwa kwa kupiga lithiumu na nyutroni. Wasomaji wetu walio na jamaa huko Manono, kusini mwetu, wanajua lithiumu ni kitu gani. Leo hutafutwa kwa ajili ya betri. Matanuri ya kesho nayo yataihitaji, ijapo kwa kipimo kidogo.

Ili atomi hizo ziungane, yatakiwa joto kubwa mno. Kiini cha jua kina digrii milioni 15. Mtambo mkubwa wa ITER, ambao bado unajengwa huko Cadarache kusini mwa Ufaransa kwa ushirika wa mataifa mengi, umekusudiwa kufika digrii milioni 150, mara kumi ya hizo. Katika joto kama hilo hakuna hewa ya kawaida tena. Elektroni hubanduka kutoka katika atomi zake, zikakimbia peke yake, na mchanganyiko huo huitwa plasma. Hakuna chungu cha kuichukua plasma. Hushikwa na nguvu za sumaku, ndani ya chombo chenye umbo la bangili nene, isiguse kuta. Chombo cha namna hiyo kilichoenea zaidi huitwa tokamaki, jina lililotoka kwa Warusi.

Sasa yaja shida ya kulisha moto huo. Ukipuliza hewa ya deuteriumu kutoka ukutani, haifiki mbali. Ikigusa tu ukingo wa plasma huvunjika ikawa elektroni na viini, na mara ile sumaku huishika pale pale ukingoni, isiende kiinini ambako moto halisi unawaka. Ni kama mpishi aliyepanga majani makavu kuzunguka mafiga badala ya kusukuma kuni chini ya chungu. Mwaka 1954 Mmarekani Lyman Spitzer na wenzake walitoa shauri: kama hewa haifiki, basi tuigandishe, tuitupe kwa nguvu. Barafu hubeba mafuta mengi katika nafasi ndogo, tena haina umeme, kwa hiyo sumaku haiishiki. Hupenya moja kwa moja mpaka itakapoyeyuka.

Walakini je, itafika wapi kabla ya kuyeyuka? Hilo ndilo swali tulilolicheka.

Kuifanya barafu hiyo si kazi ndogo. Deuteriumu haigandi ila kwa baridi ya digrii 254 chini ya sifuri. Huipoza mpaka ikawa ngumu, huisukuma ipite katika tundu kama unga uliokandwa, itoke ikiwa uzi mnene, kisha huukata vipande vya milimita chache, kadiri ya punje ya mpunga wetu au ya hindi. Halafu huitupa. Njia moja ni bunduki isiyo na baruti, inayosukuma kwa hewa iliyobanwa. Njia nyingine watoto wetu wanaolinda mpunga wanaijua kabisa, ni kombeo: mkono wa chuma huzungushwa kwa kasi sana, na punje huponyoka ncha yake. Kwa njia hizo punje huenda mita 300 hadi 1,000 kwa kila sekunde. Sauti yenyewe hewani huenda mita 340.

Tufanye hesabu sasa kama tulivyopaswa kuifanya darasani kabla ya kucheka. Barafu ya hidrojeni ni kitu dhaifu. Nguvu ya kuigeuza mvuke ni ndogo sana, nazo elektroni za plasma hubeba kila moja nguvu kubwa kuliko hiyo mara elfu nyingi. Kama joto lote lingeifikia barafu ikiwa uchi, punje ya milimita moja ingetoweka kwa muda ulio mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa muda huo, hata ikikimbia mita 1,000 kwa sekunde, isingemaliza milimita moja ya safari. Yaani kosa letu lilikuwa na hesabu nyuma yake. Lakini walipojaribu kweli, kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1970 huko Oak Ridge, Marekani, waliona punje ikiishi mara nyingi zaidi ya hapo. Punje za siku hizi huishi kadiri ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo hupita makumi ya sentimita ndani ya plasma.

Ni kitu gani kinachoikinga? Ni kile kile kilicholikinga tone la mama, ijapo kwa namna iliyo tofauti kidogo.

Punje inapoingia, elektroni za kwanza huipiga na kurusha ganda lake la nje likiwa mvuke. Mvuke huo hauendi mbali mara moja. Huizunguka punje kama wingu, mzito karibu na barafu, mwepesi kadiri unavyotoka nje. Elektroni zinazofuata hukuta wingu kwanza. Fikirini mtu anayetaka kupita mbio katikati ya soko siku ya soko. Hugonga huyu, hugonga yule, na kila bega analoligonga humpunguzia mwendo. Akifika upande wa pili hana mbio tena. Ndivyo elektroni zinavyochoka ndani ya wingu. Sehemu kubwa ya nguvu zake huishia humo, ikilipasha joto na kulisukuma nje, na kidogo tu hufika barafuni. Katika kikaango mvuke hulitenga tone na chuma; hapa mvuke hula makofi ya elektroni badala ya punje.

Wingu hili, tena, hujipima lenyewe. Likipungua, elektroni nyingi hupenya, barafu huyeyuka zaidi, na wingu huwa zito tena. Likizidi, joto lifikalo barafuni hupungua, kuyeyuka nako hupungua, na wingu huwa jepesi. Hakuna mtu anayelitawala. Kila dakika lina unene ule unaotosha kupitisha joto la kulidumisha lenyewe, wala si zaidi.

Mwaka 1978 P. B. Parks na R. J. Turnbull waliandika hesabu ya wingu hilo. Walionyesha ya kwamba mvuke hutoka polepole karibu na barafu, hupata joto, huongeza mbio, na mahali fulani si mbali na punje hupita mwendo wa sauti yake yenyewe. Kutoka hapo walipata kanuni ambayo hutumika hata leo, ijapo wengine wameiongezea mengi. Ukizidisha joto la plasma mara mbili, punje huyeyuka kwa kasi ya mara tatu hivi. Lakini ukizidisha wingi wa elektroni mara mbili, kasi ya kuyeyuka huongezeka kwa robo tu na kidogo. Mtu atashangaa: maadui wamekuwa mara mbili, mbona hasara ni robo? Ni kwa sababu wapigaji wakiongezeka, na ngao huongezeka. Sisi tulisoma mstari huo mara tatu kabla ya kuukubali.

Wingu halibaki duara. Sehemu yake ya nje ikifika joto la digrii elfu kumi na zaidi, atomi zake nazo huvunjika, na tangu hapo sumaku huzishika. Haziwezi kuenea kila upande tena, ila huteleza kufuata mistari ya sumaku, huku na huku, na wingu hurefuka kama sigara, likiwaka rangi nyekundu ya hidrojeni. Kamera za mbio sana zimelipiga picha. Nyuma ya punje huonekana mistari ya mwanga na giza, mwanga na giza, kama ngozi ya punda milia, maana kuyeyuka hakuendi sawasawa bali kwa mapigo mapigo.

Na sasa jambo ambalo sisi tunalipenda kupita yote. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani dawa ni mbio tu: rusha kwa nguvu zaidi, punje itafika ndani zaidi. Walitengeneza bunduki kali kuliko za kwanza. Lakini mafuta yaliyoachwa na punje yalikuwa hayakai pale yalipoachwa. Mengi yalitoka nje ya plasma kana kwamba yamefukuzwa. Sababu iko katika umbo la bangili. Upande wa ndani wa bangili, karibu na tundu lake, sumaku ina nguvu; upande wa nje ni dhaifu. Wingu zito lililozaliwa na punje husukumwa kutoka penye nguvu kwenda penye udhaifu, yaani kuelekea nje. Punje iliyoingia kwa mlango wa nje huona mavuno yake yakirudishwa mlangoni.

Mwaka 1997 P. T. Lang na wenzake, katika mtambo wa ASDEX Upgrade huko Garching, Ujerumani, walitangaza matokeo ya kugeuza mlango. Waliipitisha punje katika bomba lililopinda, ikaingia kutoka upande wa ndani wa bangili. Msukumo ule ule uliokuwa adui ukawa mchukuzi: ulilibeba wingu kuelekea kiinini. Punje ya polepole iliyoingia kwa mlango wa ndani ililisha vizuri kuliko ile ya mlango wa nje. Kwa sababu hiyo ITER imepangiwa mabomba yaliyopinda, na mwendo wa mita 300 hivi tu kwa sekunde, kusudi punje isivunjike konani. Hata hivyo, joto la ITER litakuwa kali hata punje haitarajiwi kufika katikati yenyewe. Itayeyuka karibu na ukingo, na msukumo utamaliza safari. Je, utaimaliza kwa kadiri inayotakiwa? Hilo litajulikana siku mtambo utakapowashwa.

Labda baba mmoja atauliza kwa nini wasitengeneze punje kubwa, mambo yakaisha. Punje kubwa mno huipoza plasma ghafula, na moto unaweza kuzimika. Tena wako wanaotaka hasa kuuzima: plasma ikianza kukasirika na kutishia kuta, ITER imepangiwa kurushiwa barafu ya hidrojeni iliyochanganywa na neoni, inayopondwa vipande kabla ya kuingia, ili joto lote litoke kama mwanga kila upande badala ya kuunguza mahali pamoja. Barafu ile ile, kwa kipimo kingine, ni chakula au ni maji ya kuzimia.

Tusiwadanganye wasomaji kuhusu mavuno. Mwezi wa Oktoba 2023 mtambo wa JET, huko Culham, Uingereza, ulitoa nguvu ya megajuli 69 kwa miligramu 0.2 za mafuta, ikawa kipeo chake; ulifungwa mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Megajuli 69 ni kadiri ya joto la kilo nne za kuni kavu, mzigo ambao msichana wa Kabambare huubeba kichwani bila kuutaja. Na hata kuzipata hizo, moto ulipewa nguvu nyingi kuliko ulizotoa. Atakayewaambia kwamba umeme wa namna hii utawasha taa za Kasongo mwaka ujao, mwulizeni anauza nini.

Walakini kulisha kumeendelea mbele. Mwezi wa Mei 2025, katika mtambo wa Wendelstein 7-X huko Greifswald, Ujerumani, plasma ilidumishwa kwa sekunde 43 katika hali ambayo mitambo mingine ilikuwa haijaidumisha kwa muda kama huo. Katika sekunde hizo punje 90 hivi za hidrojeni zilirushwa moja baada ya nyingine, na mashine iliyozirusha ilitoka Oak Ridge, mji ule ule wa majaribio ya kwanza. Joto lilikuwa zaidi ya digrii milioni 20. Punje tisini ziliingia, kila moja ikijivika wingu lake, na moto haukuzimika.

Tulipowaeleza wanafunzi haya yote, kijana wetu hakuridhika na radhi peke yake. Aliuliza tena: "Mwalimu, na punje ikivunjika bombani, si mafuta ni yale yale?" Safari hii hatukucheka. Tulimpa chaki. Kanuni ya 1978 husema ya kwamba punje yenye upana mara mbili huyeyuka kwa kasi ya mara mbili na nusu, lakini ina barafu mara nane. Basi huishi mara tatu na zaidi. Akaigeuza hesabu mwenyewe ubaoni: punje moja ikivunjika vipande vinane vilivyo sawa, kila kimoja kina nusu ya upana, na kila kimoja huishi chini ya theluthi ya muda wa ile nzima. Mafuta ni yale yale, safari ni theluthi. Kisha akaandika chini yake swali jingine, kwamba vipande vinane vikienda karibu karibu, mawingu yao hayawezi kuungana yakawa ngao moja? Kengele ililia kabla hatujamaliza, na swali limebaki ubaoni. Tumemwambia mwenye zamu ya kufagia asilifute.